Trekta ikilia "tik" tu, anza na ethi
Trekta kuukuu zinazofanya kazi upande wa Gongoni, Malindi, kwenye hewa ya chumvi, huliwa na kutu pale waya wa ethi (unaotoka kwenye betri hadi mwili wa trekta) unapofungwa kwenye bodi. Betri imejaa lakini stata (mota ya kuwashia injini) yalia "tik" tu? Usinunue stata bado.

Gia huru, stopa (ya kuzima injini) imevutwa ili injini isiwake. Mita kwenye volti za DC: ncha moja juu ya nguzo hasi ya betri yenyewe, si kibano chake, nyingine kwenye mwili wa stata. Mwenzako apige stata. Ikizidi volti 0.5, umeme wapotea njiani. Chomoa betri, fungua nati ya ethi, piga msasa mpaka chuma king'ae, kaza, ndipo upake grisi. Waya ukibadilishwa, unene wake ulingane na wa chanya, mwembamba huchemka. (Baadhi ya trekta za zamani za Uingereza ethi yake ni chanya, kwa hivyo angalia kwanza.)