Somo: Kumtambua nyangumi kwa sauti yake chini ya maji

Kusi limeshika, na nyangumi nundu wanapita. Kuanzia Julai hadi Oktoba hivi hupanda kutoka bahari baridi za kusini kuja kuzaa na kutafutana kwenye maji yetu ya vuguvugu, na watu wa Watamu, Unguja na Mafia huwaona wakiruka. Mmeniomba somo la kuwatambua bila kuwaona. Jambo moja mliweke mbele ya yote: utakayemsikia huamuliwa na kifaa chako kabla ya sikio lako.

Hatua ya 1: Jua kifaa chako kinaishia wapi

Sikio la mtu husikia masafa, yaani wingi wa mitetemo kwa sekunde, kati ya hezi 20 na 20,000 hivi. Nyangumi bluu hunguruma kwenye mpaka wa chini kabisa wa masafa hayo, na mara nyingine chini yake. Popoisi, wale jamaa wadogo wa pomboo wenye pua butu, hugonga kwenye hezi 130,000 hivi. Sasa tazama kinasa sauti chako. Kikichukua sampuli (vipimo vya sauti) 48,000 kwa sekunde, mwisho wake ni hezi 24,000, yaani nusu. Chochote cha juu ya hapo hakimo kwenye faili, hata kama mnyama yuko chini ya boti. Kwenye daftari usiandike "hayupo"; andika "kifaa hakifiki".

Weka 96,000 kama kinasa kinaruhusu. Hifadhi kwa WAV. MP3 hutupa sauti ambazo mtu hazisikii vizuri, na sisi ndizo tunazozitafuta. Zima pia kile kipengele cha kupandisha na kushusha sauti chenyewe.

Hatua ya 2: Rekodi

Zima mashine, na uwaombe wa boti ya jirani wazime pia. Shusha haidrofoni, yaani maikrofoni ya majini, mita 10 au zaidi, na waya usigonge ubavu wa chombo. Ifungie uzito chini, na juu iweke boya lenye kipande cha mpira unaovutika, ili mawimbi yasiipandishe na kuishusha. Siku za bamvua mkondo huipiga haidrofoni ukasikia mvumo mtupu, kwa hiyo ngoja maji yasimame. Rekodi dakika 30 mfululizo. Andika saa, mahali, kina, upepo na vyombo vilivyokuwa karibu.

Hatua ya 3: Tazama kabla ya kusikiliza

Fungua faili kwenye Audacity, programu ya kompyuta ya bure, kisha uibadilishe ioneshe spektrogramu, yaani picha ya sauti. Raven Lite na PAMGuard nazo ni za bure. Muda unakwenda kushoto kulia, masafa yanapanda chini kwenda juu, na panapong'aa ndipo sauti ilipo na nguvu.

Ondoa kwanza visivyo nyangumi. Ule mchachariko kama mafuta ya kukaangia ni kamba wadogo wa miambani wanaofyatua kucha, na utauona umetapakaa kama vumbi juu ya hezi 2,000. Mashine ya boti huchora mistari ya kulala iliyopangana, inayopanda pamoja nahodha akiongeza moto. Waya ukisuguana hutoa madoa mazito chini kabisa.

Hatua ya 4: Masafa, umbo, mpangilio

Tuanze na nundu, maana ndiye utakayempata. Dume huimba. Utaona mikoromo ya hezi mia moja hivi, kisha milio inayopanda hadi elfu kadhaa. Sauti moja moja huungana kuwa kifungu, kifungu hurudiwa mara nyingi, kisha huja kifungu kingine, hadi wimbo mzima uzunguke na kuanza upya. Mzunguko mmoja mara nyingi huchukua dakika 10 hadi 20, ndiyo maana ya zile dakika 30. Watafiti Roger Payne na Scott McVay waliueleza mpangilio huu mwaka 1971. Madume wa kundi moja huimba wimbo unaofanana, na wimbo hubadilika mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo usitafute sauti uliyoikariri msimu uliopita, tafuta marudio. Nundu wa Oman, ambao hawahami na hukaa Bahari ya Arabuni mwaka mzima, wana wimbo wao tofauti na wa huku kusini.

Nyangumi wa ambari haimbi. Hugonga: tok, tok, tok, mara moja au mbili kwa sekunde, kwa dakika nyingi bila kuyumba. Ghafla kugonga huharakishwa hadi kuwe mkwaruzo, kisha kimya. Hapo amemkaribia ngisi gizani. Kwenye spektrogramu kila "tok" ni mstari wima. Usimtafute ndani ya mwamba; nenda kwenye kina kirefu kama Mkondo wa Pemba.

Pomboo hupiga miluzi inayojipinda, mingi kati ya hezi 5,000 na 20,000. Kujua ni aina gani ya pomboo ni kazi ngumu, kwani miluzi yao huingiliana. Kizimkazi peke yake zipo aina mbili. Kama hukuwaona kwa macho, andika "pomboo" na uishie hapo.

Nyangumi bluu: harakisha faili mara 10 ndipo umsikie vizuri.

Popoisi hapigi mluzi kabisa, na pwani yetu hayupo; wa karibu wapo Ghuba ya Uajemi. Lakini nyangumi mdogo wa jamii ya Kogia, ambaye yumo Bahari ya Hindi, hugonga kwenye masafa yaleyale. Ukiwa na kinasa cha sampuli zaidi ya 300,000 ukamnasa mmoja huku, usikimbilie kusema popoisi.

Maswali

*Shikamoo mwalimu. Mimi mvuvi wa Mafia. Usiku tukilala mashuani husikia mlio kupitia ubaoni. Ni nyangumi?*

Marahaba. Msimu huu inawezekana sana, kwani ubao hupitisha sauti ya majini. Tia kasia majini, weka sikio kwenye mpini. Ukisikia kifungu kilekile kikirudi na kurudi, ni nundu.

*Simu ndani ya mfuko wa plastiki haitoshi?*

Utarekodi mfuko. Heri kisahani cha piezo, kinachogeuza mtetemo kuwa umeme, kilichozibwa kwa gundi ya epoksi pamoja na kikuza sauti kidogo. Kwa nundu kinatosha.

*Kaka, nina "mwuu" moja tu, hezi 150, sekunde mbili. Nani huyo?*

Moja haitoshi. Hata chewa huunguruma chini huko, na nundu jike na ndama nao hutoa sauti zisizo wimbo. Iandike "haijatambuliwa", uitunze na saa yake.

*Programu ya kutambua yenyewe je?*

Itumie ikuoneshe dakika ya kutazama. Jina la mnyama lithibitishe mwenyewe kwenye spektrogramu, maana nyingi zimefundishwa kwa sauti za bahari nyingine.

*Tukiwapigia wimbo wao kwa spika, watakuja?*

Usifanye hivyo. Wengine wana ndama.