Kulea matumbawe adimu kwenye matangi ya nchi kavu

Kabla hujanunua hata pampu tafuta kibali kwanza, maana matumbawe haya yanalindwa na sheria, huwezi kwenda kuyavunja baharini alafu useme unahifadhi. Naeleza wanavyofanya Mote, maabara ya utafiti wa bahari kule Florida, na aina ni Orbicella faveolata, lile tumbawe nene la kujenga mwamba ambalo Marekani waliliweka kwenye orodha ya ulinzi 2014. Baharini linakua polepole mpaka unachoka.

Dawa yake ni kulikata dogo sana. David Vaughan, aliyekuwa mtafiti wa Mote, aliligundua hili kwa bahati tu, kipande kilivunjika kikabaki chini ya tangi akakuta kimepona na kinatanuka haraka kuliko alivyotegemea.

Kata kwa msumeno wa almasi huku maji ya bahari yanamwagikia, vipande vya kama sentimita 1 kwa 1. Vitatoa ute mwingi, usishtuke, suuza tu. Futa upande wa chini wa kipande ukauke, weka tone la supa glu ya mgando, bandika kwenye kigae cha udongo na andika namba ya mzazi wake, yaani tumbawe ulilolikata, hapohapo, hii watu wanaidharau lakini vipande vya mzazi mmoja ndo vinavyoungana vikawa tumbawe moja, vya wazazi tofauti vinapigana. Wiki ya kwanza mwanga uwe hafifu, alafu pandisha taratibu. Ukiona nyama, ile sehemu hai ya tumbawe, imevuka ukingo wa kipande na inatambaa kwenye kigae, basi kimekubali.

Maji yakae nyuzi 25 hadi 27, chumvi gramu 35 kwa lita, kalsiamu miligramu 400 na kitu kwa lita. Pima kila siku, namba isiyoyumba ni bora kuliko namba nzuri inayopanda na kushuka. Na uwe na jenereta jamani, umeme ukikatika usiku pampu zikasimama, asubuhi huna kitu.

Kazi yenyewe kubwa ni mwani. Tia konokono waule, na bado utashika mswaki kila siku kusugua pembeni ya kila kipande bila kugusa nyama.

Siku ya kurudisha baharini daktari wa viumbe akague kwanza, alafu bandika vya mzazi mmoja karibukaribu juu ya tumbawe lililokufa. Wiki za mwanzo rudi kuangalia mara kwa mara, pono wanapenda kudonoa vipande vipya na vikibanduka unabandika tena.