Kuediti picha za jua la utosini bila kuua kivuli

Chukua picha ya kawaida kabisa: mzee kavaa kanzu nyeupe kakaa barazani Mji Mkongwe saa saba mchana, nusu ya kichochoro inawaka jua, nusu giza, na uso wake uko upande wa giza. Ukiifungua kwenye kompyuta kanzu inataka kuungua (kuwa nyeupe tupu bila mikunjo) na sura haionekani. Wengi hapo wanashusha hailaiti (sehemu zenye mwanga mkali) mpaka -100, wanapandisha shado (sehemu za kivuli) mpaka +100, halafu wanashangaa mbona imekuwa katuni. Jua umeliondoa mwenyewe! Mimi niliwahi kufanya hivyo kwenye picha za harusi ya nje, bibi harusi akaniuliza kwani tulipigia studio?

Kazi inaanzia kwenye kamera. Piga RAW, yaani faili ghafi la kamera ambalo halijabanwa kama JPEG, washa ile alama inayopepesa sehemu zinazoungua, punguza mwanga mpaka kanzu iache kupepesa, picha ikitoka na giza kidogo poa tu. Maana sehemu ikishaungua kweli, nyekundu, kijani na bluu zote zimegonga mwisho, hapo hamna kitu cha kurudisha, ukishusha hailaiti unapata rangi ya majivu tu, na kanzu ya majivu ni mbaya kuliko iliyoungua. JPEG ndo balaa zaidi, kila rangi ina ngazi 256 wakati RAW ya biti 14 ina 16,384.

Ukiingia Lightroom, programu ya kuediti picha, anza na ekspoja (mwangaza) ya picha nzima. Hailaiti shusha taratibu, -40 hadi -60 mara nyingi inatosha, ukishaona mikunjo ya kanzu na tarizi ya shingoni simama hapohapo. Shado mimi sivuki +35. Kisha shikilia Alt huku unavuta blaki (kitelezi cha weusi), utaona zile sehemu zilizozama kwenye weusi kabisa, ziache chache, chini ya mlango na nyuma ya baraza, ndo zinaipa picha uzito.

Sura sasa, hiyo usiinue pamoja na kichochoro kizima, chukua maski ya brashi (inayobadilisha pale tu unapopaka) upake usoni tu, pandisha ekspoja nusu stopu hivi, yaani +0.50. Uso uwe mweusi kuliko ukuta unaopigwa jua, hata kwa macho ulikuwa hivyo. Ukiinua utaona ngozi imekuwa ya bluu bluu, ni kwa sababu kivulini mwanga unatoka angani, kwahiyo kwenye maski hiyohiyo sogeza joto la rangi kidogo kuelekea njano. Chenga (vidoadoa kama mchanga) zikitokea umevuta sana, rudi nyuma kabla hujakimbilia kuzifuta, ngozi itakuwa plastiki.

Zumu 100% uangalie paa linapokutana na anga, ukiona mstari mweupe umezunguka paa rudisha hailaiti kuelekea sifuri na upunguze klariti (ukali wa kingo) kama uliiweka. Halafu ipunguze picha iwe ndogo kama stempu, uiangalie kwa mbali, kama huwezi kusema jua linatoka upande gani rudisha shado chini.