Ukiambiwa "katiba imesema", usikubali haraka

Kila kijiwe kina yule jamaa wa "katiba imesema", akishatamka hivyo mjadala umekwisha. Mimi mwenyewe nilikuwa ndo huyo, mpaka nilipoweka Katiba ya Tanzania ya 1977 kwenye simu nikaanza kuisoma taratibu.

Kwanza muulize ibara ya ngapi. Akitaja, angalia iko sehemu gani, maana hapo ndo wengi tunapigwa. Mfano elimu ipo ibara ya 11, mtu anasema hii haki yangu nawapeleka mahakamani, sawa, ila rudi nyuma ibara ya 7(2) usome, masharti ya sehemu ile hayatiliwi nguvu ya kisheria na mahakama yoyote, yani imeandikwa ila hushtakii nayo. Za kushtakia zinaanzia ya 12 mpaka 29, na hizo ziliingizwa 1984 tu.

Halafu usiishie kwenye sentensi tamu. Ibara ya 21 inampa kila raia haki ya kushiriki utawala, lakini inaanza na "bila ya kuathiri" ibara ya 39, 47 na 67, ukifungua hizo unakuta ili ugombee urais au ubunge lazima uwe mwanachama wa chama cha siasa. Sasa ipi ina nguvu, haki au sharti? Hapo ndo majaji wenyewe walipogawanyika. Mchungaji Mtikila, mwanasiasa aliyedai mgombea binafsi (asiye na chama) aruhusiwe, alishinda Mahakama Kuu 1994, Bunge likabadilisha katiba mwaka huohuo kuzuia hilo, akarudi tena akashinda 2006, kisha Mahakama ya Rufani 2010 ikasema hilo ni la Bunge, mahakama haiwezi kufuta kipande cha katiba. Mahakama ya Afrika pale Arusha 2013 ikasema Tanzania imevunja Mkataba wa Afrika wa haki za binadamu. Mgombea binafsi bado hatuna. Kwahiyo mtu akikwambia iko wazi, muulize kwa mahakama ipi na mwaka gani (mimi nipo upande wa Mtikila, ila hoja ya Rufani sio ya kipuuzi, jaji hajapigiwa kura na wananchi).

Mwisho cheki PDF yako ni ya lini. Kabla ya marekebisho ya 2005 ibara ya 18 ya uhuru wa maoni ilianza na "bila ya kuathiri sheria za nchi", sasa hivi maneno hayo hayapo, na kuna watu wanabishana mpaka leo na kopi za zamani.