Jinsi ya kujua kinachomsukuma mwanafunzi wako kusoma, kabla hujanunua zawadi wala kushika fimbo

Walimu wenzangu, nafundisha hesabu fomu wan na fomu tuu shule ya kata, na ile kauli ya ofisini kwamba "hawa watoto hawataki kusoma" inaniuma kwa sababu ukishaisema hamna tena cha kufanya, unabaki kulalamika tu. Kujua inawezekana, hata darasa likiwa limejaa. Fanya hivi.

Hatua ya 1: Chagua wachache wa kuwafuatilia
Watano sita wanatosha. Chukua anayesinzia, mpiga stori wa nyuma, na yule mpole ambaye hajawahi kukusumbua, huyo muangalie sana. Utakuta daftari kapiga mistari kwa rula, vichwa vya habari kwa peni nyekundu, notsi zote zipo, halafu ukifika kwenye zoezi kaandika namba za maswali tu, majibu hamna. Tunapita tunaweka tiki tunaendelea. Huyo kinachomsukuma ni kukwepa kugombezwa, na mi naona yuko pabaya kuliko mpiga stori.

Hatua ya 2: Tenganisha asiyetaka na asiyeweza
Hapa usiharakishe. Wengi wa madogo wetu msingi wamesoma kwa Kiswahili, wanafika fomu wan ghafla kila kitu Kiingereza. Kwa hiyo mpe swali la aina moja mara mbili, leo kama lilivyo kitabuni, kesho kwa Kiswahili ukibadilisha namba, mfano viatu vilikuwa 20,000, duka limepunguza asilimia 15, mteja atalipa ngapi. Akikuletea 17,000 wakati lile la kitabuni aliliacha wazi, usimwite mvivu, mtoto hesabu anaijua ila swali hakulielewa. Akikosa yote mawili rudi nyuma kwenye kuzidisha, pengine alikwama tangu la nne na hakuna aliyemuuliza. Akipata yote halafu darasani kanyamaza, sasa ndo tuongelee motisha.

Hatua ya 3: Waulize wenyewe
Dakika tano za mwisho wa kipindi, vikaratasi bila majina, kwa Kiswahili, maswali mawili: leo nilikuacha wapi? na kwa nini hukunyoosha mkono? Monita asikusanye maana miandiko ya wenzake anaijua, wapite wenyewe waweke kwenye boksi la chaki. Na kama siku hiyo umeingia na fimbo usijisumbue, vitarudi vyote vimeandikwa "nimeelewa mwalimu".
Utakutana na mengi, sioni ubaoni, sijala tangu jana, wananicheka. Wa ubaoni mhamishe kiti siku hiyohiyo. Ya njaa ongea na mwalimu wa malezi. Ya kuchekwa ni yako wewe, waache wajadili wawiliwawili kwanza ndo mmoja ajibu kwa niaba ya wote wawili, akikosea wamekosea wote na kicheko kinapungua sana.

Hatua ya 4: Zawadi, taratibu
Mwaka 1973 kule Marekani watafiti Lepper, Greene na Nisbett walichukua watoto wa chekechea waliokuwa wanapenda kuchora, wengine wakaahidiwa cheti wakichora, wengine wakapewa kwa kushtukiza, wengine hawakupewa. Baadaye walipoachwa huru wachezee wanachotaka, waliokuwa wameahidiwa ndo walipungukiwa hamu ya kuchora, wale wa kushtukizwa wala. Kwa hiyo ukitaka kumpa mtu daftari mpe tu, usitangaze kabla. Na ukimsifia taja alichofanya, "umerudia mpaka umeona ulipokosea", sio "una akili wewe".

Hatua ya 5: Wape nafasi ya kuchagua
Watafiti Deci na Ryan wanasema mtu anasukumwa kutoka ndani akiwa na uhuru fulani, akijiona anaweza, na akijiona ni sehemu ya wenzake. Kwangu hiyo ni kitu rahisi tu, naandika maswali kumi ubaoni, mepesi na magumu yamechanganyika, kila mtu achague sita. Halafu angalia nani kachagua nini, maana anayechukua mepesi tu kila siku anaogopa kukosa, na anayejaribu gumu akakosa usimwekee alama nyekundu ya kukosa ukaondoka, muulize alifikaje pale.

Baada ya mwezi hivi rudia vikaratasi kwa maswali yaleyale, na fungua tena daftari la yule mpole, usiangalie notsi, nenda moja kwa moja kwenye mazoezi.