Vitamini hupotelea kati ya kisu na sufuria: namna ya kuzibakiza kwenye chakula

Kabla ya kununua vidonge, angalia kwanza unavyopika. Nyumba nyingi huleta vitamini za kutosha kutoka sokoni, kisha huzimwaga pamoja na maji ya kuchemshia, au huziua kwa magadi na moto mrefu.

Vitamini zinazojulikana ni 13. Mwili huzihitaji kwa vipimo vidogo mno, miligramu au mikrogramu kwa siku. Kwa mpishi, mgawanyo wenye maana ni mmoja: kuna zinazoyeyuka kwenye maji (C na zile nane za kundi B) na zinazoyeyuka kwenye mafuta (A, D, E na K). Za maji huvujia kwenye maji ya kuoshea na kupikia, na mwili hauziwekei akiba kubwa, isipokuwa B12 ambayo ini huitunza kwa miaka. Za mafuta hazisumbuliwi sana na maji, lakini mlo usipokuwa na mafuta hata kidogo, sehemu kubwa hupita tumboni bila kufyonzwa.

Sufuria ya mboga za majani

Mchicha, matembele, majani ya kunde, majani ya maboga na sukuma wiki vina karotini (ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A), C, K na folati, yaani B9. C na folati ndizo za kwanza kupotea.

1. Nunua mboga ya kupika siku hiyo hiyo. Ikibidi ilale, ifunge kwenye kitambaa kibichi na uiweke kivulini. Jani lililonyauka juani limeshapoteza C nyingi.
2. Osha majani yakiwa mazima, mara mbili au tatu mpaka mchanga uishe, ndipo ukate. Ukikata kwanza, kila mkato ni mlango wa kutokea vitamini. Hapa ndipo sukuma wiki inayouzwa ikiwa imeshakatwa nyuzi nyuzi inapokula hasara: lazima uioshe baada ya kukatwa. Mwombe muuzaji akupe fungu zima.
3. Bandika sufuria kwanza. Kaanga kitunguu na nyanya kwa kijiko kimoja au viwili vya mafuta, kisha kata mboga vipande vya wastani na uitie mara moja.
4. Usiongeze maji. Mchicha una maji yake. Matembele na sukuma huenda zikahitaji vijiko vitatu vinne. Funika. Mchicha dakika 5, sukuma 5 hadi 7, matembele kama 10.
5. Mchuzi uliobaki chini ule na ugali. Kupasha moto mara ya pili na ya tatu ndiko kunakomalizia kilichobaki.

Mnavu mchungu wengi huchemsha na kumwaga maji. Badala yake changanya sehemu moja ya mnavu na mbili za mchicha, au umalizie kwa maziwa. Uchungu hupungua bila kumwaga chochote.

Kisamvu kina sheria yake. Majani ya muhogo yana viambato vinavyotoa sayanidi, kwa hiyo usiyapunguzie moto kwa ajili ya vitamini: yatwange mpaka yalainike, kisha yachemshe vizuri sufuria ikiwa wazi ili hewa ya sumu itoke. C itakwisha, na hilo likubali. Karotini nyingi hubaki, na tui la nazi au karanga ndiyo mafuta ya kuifyonzea. C itafute kwenye tunda baada ya mlo.

Magadi

Mpishi huyapenda kwa sababu kunde hulainika upesi na mlenda hung'aa kijani. Lakini hali ya alkali (kinyume cha asidi) inayoletwa na magadi huvunja B1 na C, na kadiri unavyozidisha ndivyo uharibifu unavyokuwa mkubwa. Kwa maharage na kunde, loweka saa 8 hadi 12, mwaga maji hayo, pika kwa maji mapya. Utapoteza vitamini kidogo kwenye maji ya kulowekea, ila utaokoa kuni na gesi ya tumboni itapungua.

Kuna mahali alkali imekuwa rafiki, nako ni Meksiko, ambako mahindi huchemshwa kwa chokaa kabla ya kusagwa. Chokaa hufungua B3 ambayo kwenye mahindi imefungwa, tumbo haliwezi kuitoa. Mahindi yalipoenea duniani bila ufundi huo, palipokuwa na maskini wanaoyala peke yake palizuka pelagra: ngozi inababuka panapopigwa na jua, tumbo linaharisha, akili inavurugika. Kwa walaji wa ugali njia rahisi ni karanga, ambazo zina B3 nyingi, pamoja na samaki au nyama.

Sembe au dona

Mahindi yanapokobolewa, pumba na kiini huondoka na sehemu kubwa ya vitamini B. Dona ni bora, kwa sharti kwamba mahindi ni makavu na hayana ukungu, kwani sumukuvu haiondoki kwa kupika. Kiini kina mafuta, hivyo unga wa dona huchacha mapema. Saga wa wiki mbili tatu tu. Anayependa sembe achague ulioongezewa virutubishi. Mchele mweupe nao usiuoshe mpaka maji yawe kama ya bombani: mara mbili zinatosha, maana B1 iliyobaki huondoka na maji yale meupe.

Vitamini A inataka mafuta

Viazi lishe vya rangi ya chungwa, kama Kabode na Ejumula, ndivyo vya bei nafuu zaidi kwa kazi hii. Gramu 125 hivi za kiazi kilichochemshwa hutosha mahitaji ya siku ya mtoto mdogo. Kiazi cheupe hakina karotini ya maana. Chemsha na maganda, funika, kisha mlishe pamoja na karanga, parachichi au kijiko cha mafuta. Mawese mekundu yana karotini nyingi, lakini ukiyachoma mpaka yawe meupe umeiunguza yote. Mboga ya kukausha anika kivulini penye upepo, kwa kuwa jua la moja kwa moja huifisha karotini.

Mtoto anayejikwaa giza linapoingia, au mwenye vipaku kama povu kwenye weupe wa jicho, apelekwe kituo cha afya siku hiyo, asingojee viazi. Matone ya vitamini A hutolewa kila baada ya miezi sita kwa watoto wa miezi 6 hadi 59, usiyakose.

C na chai ya baada ya kula

Mtu mzima anahitaji miligramu 75 hadi 90 za C kwa siku. Chungwa la wastani lina kama 70. Pera moja dogo linaweza kuvuka 100. Ikikosekana kwa miezi, fizi huvuja damu na vidonda havifungi: hicho ndicho kiseyeye. Unga wa ubuyu koroga kwenye maji yaliyopoa, usiuchemshe. Ule ubuyu mwekundu wa mafungu ni sukari na rangi zaidi kuliko ubuyu.

C pia husaidia madini ya chuma ya maharage na mboga kuingia mwilini. Kamulia ndimu au andaa kachumbari wakati wa kupakua, siyo saa mbili kabla. Chai hufanya kinyume, basi inywe saa moja baada ya mlo.

Wanaohitaji zaidi ya chakula

Mwanamke anayetarajia kushika mimba aanze folati mikrogramu 400 kwa siku kabla ya mimba. Mfereji wa uti wa mgongo wa mtoto hufunga ndani ya siku 28 za kwanza, wakati wengi hawajajua kuwa ni wajawazito. Usipofunga, mtoto huzaliwa na mgongo wazi.

Asiyekula nyama, samaki, mayai wala maziwa hana pa kupata B12 ya uhakika, na hapo kidonge ni lazima. Dagaa humsaidia anayekula samaki: wana B12 na D pia. D nyingine hutengenezwa na ngozi kwa jua, kwa hiyo mtoto anayefungiwa ndani muda wote yumo hatarini kupata matege.

Maini ni ghala la vitamini, na hapo ndipo pa kuwa mwangalifu. Gramu 100 za ini la ng'ombe lililopikwa zina A zaidi ya mara kumi ya mahitaji ya siku ya mtu mzima. Mara moja kwa wiki ni nyingi ya kutosha. Mjamzito ayaepuke, kwani A ikizidi hudhuru mtoto tumboni. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asiache mboga za majani wala asizifakamie ghafla. Ale kiasi kile kile wiki hadi wiki, sababu K iliyomo hupingana na dawa, na daktari amempimia dozi kwa mlo wake wa kawaida.