Somo: Kwizi ya dakika tano kwa simu, ujue kesho urudie nini darasani

Walimu habari zenu. Naona wengi wetu kwizi za mtandaoni tunazitumia kutoa maksi tu, mtoto kapata 6 kwa 10 basi imeishia hapo. Mimi nazitumia kujua kesho nikiingia darasani naanzia wapi. Natumia Google Forms, ni ya bure, ukiwa na akaunti ya Gmail ushamaliza.

HATUA YA 1
Weka simu pembeni, shika kalamu. Maswali matatu au manne yanatosha, kumi ya nini? Na kazi yenyewe iko hapa, yale majibu ya uongo usiyaokoteze tu, kila moja liwe kosa ambalo ushaliona kwenye madaftari yao. Mfano swali langu la sehemu: 1/2 + 1/3 = ? Jibu ni 5/6. Machaguo mengine nikaweka 2/5, 2/6 na 1/6. Aliyechagua 2/5 kajumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, wa 2/6 asili (namba ya chini) ya pamoja kaipata ila kiasi (namba ya juu) hakukigusa kajumlisha 1 na 1 vilevile, wa 1/6 kazidisha. Yaani kabla hajafungua mdomo nishajua kateleza wapi. Zamani nilikuwa naweka namba yoyote kama 17/20, haichaguliwi na mtu, nimepoteza nafasi bure.

HATUA YA 2
Fungua fomu mpya, nenda kwenye mipangilio, washa ile sehemu ya kuigeuza fomu iwe kwizi. Usipowasha huoni pa kuweka jibu sahihi wala pointi. Swali la kwanza liwe jina na ulifanye la lazima!! Mimi siku moja nilisahau, nikapata majibu 38 na majina 11, mengine mpaka leo sijui ya nani.

HATUA YA 3
Unapoweka jibu sahihi kuna sehemu ya kuandika maoni kwa aliyekosa. Wengi wanairuka. Andika sentensi moja tu, "asili zikitofautiana tafuta kwanza asili ya pamoja ndio ujumlishe", ataiona akifungua matokeo yake.

HATUA YA 4
Fungua linki mwenyewe ujibu kama mwanafunzi, halafu ndio uwatumie.

HATUA YA 5
Ingia kwenye majibu, utakuta grafu ya kila swali. Wastani achana nao kwanza, tafuta jibu la uongo lililovuta watu wengi. 2/5 ikibeba nusu ya darasa narudia mada kwa njia nyingine, wakiwa watatu wanne nawaita pembeni dakika chache. Majibu yakitawanyika kila kona ujue wamebahatisha, au swali lenyewe bovu, na mara nyingi kwangu linakuwa swali bovu.

MASWALI

Swali: Ticha asante kwa somo, sasa sisi ambao wanafunzi hawaruhusiwi simu tunafanyaje?
Jibu: Tafuta Plickers. Unaprinti kadi, kila mwanafunzi na yake yenye namba, pande zake nne ni A, B, C na D. Unauliza, anainua kadi herufi aliyochagua ikiwa juu, wewe unapitisha kamera ya simu yako darasani inasoma zote. Herufi zimeandikwa kidogo sana na kila kadi ina mchoro wake, kwa hiyo kumchungulia jirani hakumsaidii.

Swali: Wangu wanatumiana majibu kwenye grupu, nifanyeje mkuu?
Jibu: Kwenye Google Forms washa kuchanganya mpangilio wa maswali na machaguo, hapo "namba 2 ni B" haina maana tena. Ila dawa kubwa, hii kwizi usiihesabie maksi na uwaambie kabisa, asiyetafuta maksi ataibia nini?

Swali: Kwenye Kahoot, ule mchezo wa kwizi za mtandaoni, darasa linachangamka hatari ila washindi ni walewale kila siku, wengine wanabonyeza tu.
Jibu: Kwa kawaida Kahoot inampa pointi nyingi anayejibu sahihi haraka, kwa hiyo anayefikiria polepole anakata tamaa. Ongeza muda wa swali, unaweza kufika mpaka dakika 4, au weka swali lisilo na pointi, au wacheze kwa timu. Mimi Kahoot naiweka kwenye marudio, mada mpya hapana.

Swali: Kwenye Google Forms nimeweka swali la kuandika jibu lenyewe, mtoto kaandika 5 / 6 na nafasi katikati, mfumo umemkosesha!
Jibu: Ndio zake hizo, inalinganisha ulichoandika na alichoandika. Kwenye jibu sahihi ongeza namna zote wanazoweza kuandika, kisha pitia kwa macho kabla hujawaachia matokeo. Ndio maana swali la namba huwa nalifanya la kuchagua.